Mkaja wa Arafa binti Sudi

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kusema na simba kusikiliza, bali zamani ya gari la moshi lenyewe kutoa moshi, katika mji wa Korogwe, siku ya Jumamosi, saa saba ya mchana, chumba cha mbele cha nyumba ya Sudi bin Omari kilikuwa na watu. Waliokuwapo ni hawa.

Alikuwapo Mwantumu binti Saleh, kifungua mimba wa nyumba yao, mwanamke mrefu mwenye alama za ndui usoni, ambaye hakupata kuolewa.

Alikuwapo Kidawa binti Saleh, wa pili, aliyefika kwa gari la juzi kutoka Moshi, mwenye pete tatu mkono mmoja.

Alikuwapo Riziki binti Saleh, kitinda mimba, mke wa Sudi na mwenye nyumba.

Alikuwapo Sudi bin Omari mwenyewe, fundi cherehani, ameketi karibu na mlango wa uani, mahali anapoketi mtu anayetaka kutoka bila kuaga.

Alikuwapo Arafa binti Sudi, bibi arusi, umri wake miaka kumi na minane. Yeye alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha ndani. Haonekani, lakini anasikia.

Alikuwapo Nasoro bin Kihiyo, dresa wa hospitali, jirani yao, aliyepita kutoa pongezi akakuta mambo mengine.

Na katikati ya chumba alikuwapo Semeni binti Mhina wa Muheza, shangazi wa bwana arusi, amesimama na sinia mikononi. Juu ya sinia palikuwa na nguo nyeupe iliyokunjwa mara nne. Nguo hiyo ndiyo mkaja.

Mmoja hakuwapo. Naye ni Bi Mwanakombo binti Athumani, mama wa wale dada watatu, ambaye siku tatu kabla ya hapo alishikwa na kifua akalazwa hospitali.

Mkaja, kwa asiyejua, ni nguo anayofungwa mzazi tumboni akisha kujifungua, ili mwili wake urudi. Mtoto yule akiwa wa kike, akakua, akaolewa, watu wa mume huleta nguo mpya wakamkabidhi mama yake. Ni kama kusema, tumbo lililofungwa kwa ajili ya huyu tumelitambua. Na mitaa ile ilikuwa na desturi zake. Anayechukua mkaja haketi. Mkaja hauwekwi chini. Mchukuzi haiti jina la mtu, husema tu, "Tumekuja kwa aliyefungwa," na mama mwenyewe hutoka mbele, akanyoosha mikono miwili, akaupokea, akasema, "Nimeridhika." Baba akisikia neno hilo ndipo huenda msikitini kuozesha. Na yule aliyeupokea ndiye atakayeitwa siku binti akishikwa na uchungu wa uzazi, akakae naye arobaini nzima. Mkaja ukirudi ulikotoka, basi. Hauletwi mara ya pili.

Semeni binti Mhina aliyajua hayo kuliko wengi. Alipokuwa kigori wa miaka kumi na saba, huko Pangani, mkaja wake ulifika ukarudi. Mama yake na mama yake wa kambo walinyoosha mikono pamoja, mchukuzi akaona haya, akageuka. Semeni alikuwa nyuma ya pazia. Aliyasikia makubadhi ya mchukuzi yakishuka ngazi, moja, mbili, tatu. Aliolewa miaka kumi na tisa baadaye, na mtu ambaye hakumtaka.

Kwa hiyo asubuhi ile, stesheni ya Muheza, nduguye Shekue bin Mhina, baba wa bwana arusi, alipomwambia, "Dada, mkaja huu usirudi," Semeni alimjibu, "Haurudi." 

Na safari hii palikuwa na jambo la kuharakisha. Bwana arusi, Mbwana bin Shekue, alikuwa mfanyakazi wa reli, amehamishiwa Voi, na Jumatatu asubuhi alitakiwa kazini. Gari la kupanda Moshi na Voi lilipita Korogwe saa kumi ya alasiri. Masanduku yalikwisha pelekwa stesheni. Bwana arusi na baba yake walikuwa msikitini wanangoja. Likizo nyingine ilikuwa baada ya miaka miwili, na mwanamke hamngoji mtu miaka miwili kwa mkaja uliorudi.

Basi Semeni akaingia, akatoa salamu, akasimama katikati ya chumba, akasema:

"Tumekuja kwa aliyefungwa."

Mikono sita ikanyooka.

Semeni akaitazama ile mikono. Miwili ina hina mpya. Miwili ina kovu la mafuta ya moto. Miwili ina pete tatu na kucha ndefu. Akangoja minne irudi. Haikurudi hata mmoja.

Sudi bin Omari akainuka. "Ngoja nikamtazame mbuzi."

"Mbuzi kachinjwa tangu alfajiri," akasema Riziki.

"Basi nikautazame wali."

"Keti, Sudi!" wakasema wote watatu kwa pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana siku ile.

Sudi akaketi.

Semeni akasema polepole, "Wenzangu, msinitanie. Mimi nimekuja mji huu mara tatu. Mara ya kwanza nilileta barua ya posa nyumbani kwa Bi Mwantumu, akanipokea, akaniambia, 'Mwanangu yuko, nitamwuliza.' Nikarudi Muheza nikasema, nimemwona mama. Mara ya pili tulikuja kusemezana mahari, tukaletwa nyumba hii, Bi Riziki akatupikia, akasema, 'Mwanangu hana makuu.' Nikasema moyoni, kumbe mama ndiye huyu, yule alikuwa mama mkubwa. Mara ya tatu tulikuja kuweka siku, nikamkuta Bi Kidawa ametoka Moshi kutembea, akasema, 'Mwanangu nataka aolewe Jumamosi.' Nikasema, basi huyu, na wale wawili ni dada zake. Sikuuliza. Mtu anauliza vipi mama wa mtu ni nani?"

"Hukukosea," akasema Mwantumu.

"Hukukosea," akasema Riziki.

"Mara mbili ulikosea," akasema Kidawa.

"Kwa hiyo mmoja aseme," akasema Semeni. " Mikono yangu si ya kukodi."

Mwantumu akamwelekea Kidawa. "Huyu asiseme kitu hapa. Huyu alitumwa kupimwa nguo, akapimwa na mume."

Riziki akacheka, kisha akajizuia, kwa kuwa mume aliyetajwa ndiye wake sasa. Na maneno yale Semeni hakuyaelewa mpaka alipoelezwa. Sudi bin Omari alimposa kwanza Mwantumu. Mwantumu akawekwa ndani, na mwari aliyewekwa ndani hatoki kwenda kwa fundi. Nguo ya arusi ilikuwa inashonwa na bwana arusi mwenyewe. Basi Mwantumu akamtuma Kidawa akapimwe kwa niaba yake, kwani kimo chao kilikuwa kimoja.

"Ulinituma mwenyewe, dada," akasema Kidawa. "Ulisema, 'Nenda wewe, mimi na wewe tuko sawa.' Nikaenda. Fundi akasema kiuno hakijakaa vizuri, nirudi kesho. Nikarudi. Akasema bado. Nikarudi."

"Mpaka leo kiuno hajui kukipima," akasema Riziki.

"Nilikuwa kijana," akasema Sudi, akiitazama sakafu.

"Nyumba yetu ilikupa mchumba, ikakupa mke, ikakupa mke tena," Mwantumu akamwambia. "Ng'ombe wetu ungemkamua mpaka kwato."

Semeni akabadilisha namna ya kushika sinia. Nje ya dirisha mtu akakohoa. Alikuwa Shekue, ametoka msikitini.

"Dada, vipi?"

"Bado."

"Saa nane imepita. Mwalimu wa msikitini anasema sheria haidai mkaja, ila yeye hafungishi ndoa huku mama wa bibi arusi wanavutana ndani."

"Mwambie Mwalimu asome Yasini. Rudi, Shekue."

Kisha Semeni akawaambia wale watatu, "Elezeni haki zenu. Mmoja mmoja. Fupi."

Kidawa binti Saleh akasema wa kwanza. "Mkaja unafungwa wapi? Tumboni. Haufungwi kifuani, haufungwi mgongoni. Niliumwa uchungu siku tatu, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na huyu fundi alikuwa barazani anashona kanzu za watu. Alipotoka mtoto, mkunga aliniambia, 'Bi Kidawa, tumbo hili limefunga duka.' Sikuzaa tena, Moshi wala kwingine. Kisha nikashikwa na homa, maziwa yakakatika, mama akamchukua mtoto akampa Riziki. Miezi sita nilikuwa mgonjwa. Nilipopona nilikwenda kumtaka mwanangu. Mama akasema, 'Mtoto akibadilishwa ziwa hufa. Ngoja.' Nikamwambia Sudi, twende tukamchukue mwanetu. Akasema, 'Mkwe haombwi mara mbili.' Nikaona sina mtoto, na mume ndiye huyo. Nikadai talaka yangu, nikapanda gari. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi ndimi niliyefungwa, na mkaja ule ninao sandukuni hata leo."

"Ukapanda gari," akasema Mwantumu. "Ukapanda gari, mama mzazi."

"Nilirudi mwaka wa tatu, dada. Unakumbuka? Mtoto alikushika miguu akalia, akasema, 'Mama, mgeni huyo.' Ulimwambia nini? Hukumwambia kitu. Ukamfuta machozi."

Mwantumu akageuza uso.

Riziki binti Saleh akasema wa pili. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Dada zangu wanajua methali. Mimi sina methali. Nilikuwa na maziwa. Mwanangu wa kiume, Hamza, aliishi siku saba. Siku ya nane mama aliingia na kitoto kinalia, akaniambia, 'Riziki, mpe huyu.' Nikamwambia, mama, maziwa haya ni ya Hamza. Akasema, 'Hamza hayahitaji.' Nikampa. Kila akinyonya nilikuwa nalia, naye akinywa vyote, maziwa na machozi. Mume wangu wa wakati ule akaona vibaya, akasema namlisha mtoto wa watu mali ya marehemu mwanawe, akaniacha. Miaka miwili nilimnyonyesha Arafa. Mifupa yake aliyosimamia leo ni yangu. Na tumbo langu nalo lilifungwa mkaja mwaka ule ule, wiki zile zile. Ulifungwa kwa Hamza, lakini aliyetoka humo akiwa hai ni Arafa."

 Kidawa akasema, "Na alipoacha ziwa?"

Riziki akainamisha kichwa. "Alipoacha ziwa alikuja mtu wa Handeni kunioa. Akasema hataki mtoto asiye wake. Nikampelekea dada Mwantumu, nikamwambia, nishikie wiki mbili."

"Wiki mbili," akasema Mwantumu. "Hii leo ni mwaka wa kumi na sita. Na yule wa Handeni?"

"Miezi minane."

"Miezi minane!" Mwantumu akapiga kofi pajani. "Basi sasa sikiliza, Bi Semeni. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Huyu alizaa akapanda gari. Huyu alinyonyesha akafuata mwanamume. Mimi sikuzaa, sikunyonyesha, sikuolewa. Kovu hili la mkono ni la mafuta ya vitumbua. Nimechoma vitumbua tangu alfajiri mpaka jua kali apate kusoma, na kusoma anasoma. Ilipoingia ndui, mtoto ana miaka mitano, watu walimkimbia. Baba yake huyu aliacha nguo mlangoni akaondoka. Nilipelekwa naye kibandani, ng'ambo ya mto, siku ishirini na moja, mimi na yeye, chakula tunasukumiwa kwa mti. Yeye alipona hana alama. Alama zote nilizichukua mimi. Kila nikijitazama kiooni naona mahali mwanangu alipopita. Nani amefungwa kuliko mimi? Nimefungwa miaka kumi na sita."

 Semeni akawatazama wote watatu, na kila aliyemtazama alimwona kuwa ndiye. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Kidawa akainuka. Alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Dada, maneno yako ni ya kweli, nami nakushukuru mbele ya watu. Lakini niambie moja. Kila Idi nilileta kifurushi, kwa mkono wa gadi wa gari la moshi. Miaka kumi na tatu, vifurushi kumi na tatu. Jana nimemwuliza Arafa, nguo zangu zilikuwa zikikufaa? Akaniambia, 'Nguo zipi?'"

Mwantumu akaufunika mkono wa kovu kwa kanga.

"Nguo zipi, dada?"

"Alizivaa," akasema Mwantumu. "Sikuuza hata moja. Alizivaa zote."

"Alizivaa akijua za nani?"

Kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Gauni la zambarau, lenye kola ya maua? Lile nililokwenda nalo shule siku ya tuzo? Lile pia, mama?"

Mwantumu akageuka kuelekea pazia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa na mvua barabarani, hana pa kujificha.

"Lile pia," akasema. "Cha kwanza nilikupa nikakwambia kimetoka Moshi kwa mama yako. Wiki nzima hukulala, unauliza Moshi ni wapi, tutakwenda lini. Nikaogopa. Cha pili nikasema nimenunua mimi. Cha tatu ikawa rahisi zaidi."

Pazia likatikisika, halafu likatulia.

Sudi akajipangusa jasho. Nasoro bin Kihiyo, dresa, akakitazama kisigino cha kiatu chake.

Semeni akasema, "Binti, wewe umesikia yote. Wewe useme. Utakayemtaja nitampa, na lawama iwe yangu."

"Shangazi," akajibu Arafa, "mmekuja kunioza au kunipa ukadhi? Nikimtaja mmoja, wawili nimewazika. Nami siku ya kuzaa nitawataka wote watatu. Siwezi. Afadhali gari liende."

"Usiseme hivyo," akasema Semeni, kwa ukali uliowashtua wote. "Usiseme hivyo hata kwa mzaha. Hujui gari likienda linaacha nini."

Sudi akapata la kusema. "Na nguo ikachanwa vipande vitatu? Mimi ni fundi, nitaichana sawasawa."

"Nguo nyeupe iliyochanwa vipande ni ya maiti, Sudi bin Omari," akasema Semeni. "Tangu lini uliona mkaja ukapita kwenye mkasi?"

Sudi akarudi kuitazama sakafu.

Ndipo Riziki akasema, "Lakini mama alituahidi." Na Kidawa akasema, "Ndiyo, mama." Na Mwantumu naye akaitika kwa kichwa.

Kwa maana Bi Mwanakombo binti Athumani ndiye aliyemtoa mtoto kwa Kidawa akampa Riziki, na Riziki alipompeleka kwa Mwantumu ni yeye aliyesema, "Akae huko huko." Wote watatu walikwisha kwenda kwake, kila mmoja kwa wakati wake, kulalamika. Na Bi Mwanakombo alimjibu kila mmoja jambo lile lile: "Nyamazeni. Mtoto msimgombanie akiwa mdogo, atapasuka. Siku ya mkaja nitasema mwenyewe ni wa nani." Miaka kumi na minane walinyamaza kwa ajili ya neno hilo. Walikula Idi pamoja kwa ajili ya neno hilo. Kidawa alipompokea Riziki kuwa mke wa aliyekuwa mumewe, asitie sumu katika mchuzi wala katika maneno, ilikuwa kwa ajili ya neno hilo.

"Akisema mama kuwa ni Riziki, nitarudisha mikono," akasema Kidawa.

"Akisema ni Kidawa, nitarudisha," akasema Mwantumu. "Nitalia, lakini nitarudisha."

"Nami," akasema Riziki.

Semeni akamgeukia dresa. "Bwana Nasoro, hospitali ni mbali gani?"

"Kwa baiskeli, dakika kumi na tano, bibi. Nilimwacha asubuhi anazungumza. Alikunywa uji."

"Nenda. Mwambie watu wa Muheza wamesimama na mkaja. Mwulize jina moja tu. Usilete hadithi, leta jina."

Nasoro bin Kihiyo akavaa kofia yake, akatoka. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tano.

Wakangoja. Hakuna aliyeketi, kwa kuwa Semeni hakuketi. Wali ulikuwa unanukia uani na hakuna aliyeuliza. Saa ya ukutani ya Sudi ilikuwa inakwenda mbele dakika nne, na Riziki akaisema, na Kidawa akasema ndivyo ilivyokuwa hata wakati wake, na kwa mara moja wakatazamana bila uadui.

Ilipotimu saa tisa na dakika ishirini mikono ya Semeni ikashindwa. Sinia likainama upande wa kushoto, ile nguo ikateleza mpaka ukingoni. Wote watatu wakaruka. Mikono sita ikalidaka sinia kwa chini, hina na kovu na pete, ikaliinua, ikalisawazisha. Walisimama hivyo wanne, vichwa vyao karibu, wanapumuliana usoni. Yeyote kati yao angeweza kuinyakua nguo wakati ule. Hakuna aliyeigusa.

"Vidole vyako baridi, Kidawa," akasema Mwantumu.

"Vilikuwa hivyo tangu utoto. Nilikuwa navipasha mgongoni kwako."

"Nakumbuka. Ulikuwa unaniudhi."

Wakaachia mmoja mmoja, Semeni akabaki na sinia. Kutoka dirishani Shekue akasema kwa sauti ya chini, "Dada, bendera imeteremshwa. Gari limekwisha toka Mombo." Alikosea, kwani gari la kupanda hutoka upande wa Muheza, lakini mtu mwenye wasiwasi husema lolote, na Semeni hakumsahihisha.

Ndipo, kupitia mlango uliokuwa wazi, Semeni alimwona Nasoro bin Kihiyo anakuja. Alikwenda ameipanda baiskeli. Sasa alikuwa anaikokota.

Semeni akarudi nyuma hatua tatu mpaka kizingitini, sinia mbele yake, mgongo ukiwa nje, ili wale wa ndani wasimwone dresa. Akasema bila kugeuza kichwa, "Jina?"

"Bibi, swali lako sikuliuliza," akasema dresa.

"Kwa nini?"

 Semeni akageuza shingo kidogo tu, akamwona ameishika kofia mkononi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mtaa huu, mimi na wewe."

"Simama hapo hapo."

"Bibi, mimi ni mtu wa hospitali, siwezi kuficha jambo kama hili kwa wenyewe."

"Sikuambii ufiche, Bwana Nasoro. Nakuambia hesabu mpaka mia. Ukifika mia, ingia useme."

Dresa akaanza kuhesabu, midomo yake ikichezacheza.

Semeni binti Mhina akajua yote kwa mara moja. Neno lile likiingia ndani, kilio kitaanza. Kilio kikianza, hakuna ulimi utakaosema "Nimeridhika". Na saa kumi gari litapita na Mbwana bin Shekue, na mkaja utashuka ngazi hizi, moja, mbili, tatu, huku binti nyuma ya pazia anazihesabu. Na alijua upande wa pili. Watatu hawa waliapa kurudisha mikono yao kwa neno la mtu mmoja tu. Akimpa mmoja sasa, wote wataamini kuwa jina limetoka hospitali, na hakuna atakayebisha, mpaka mia itimie. Baada ya hapo watajua kuwa jina alilichagua yeye, mgeni wa Muheza, mwenye mikono iliyochoka.

Akaingia. Akasimama katikati ya chumba, mahali pake.

"Amesema?" akauliza Mwantumu.

Semeni hakusema ndiyo, hakusema siyo. Akasema kama desturi inavyotaka, "Tumekuja kwa aliyefungwa." Na mikono sita ikanyooka mara ya pili, polepole, kama mikono ya watu wanaoomba mvua. Nyuma ya pazia Arafa alivuta pumzi akaizuia. Nje dresa alikuwa amefika themanini.

Semeni akaiweka ile nguo katika mikono ya mmoja wao. Aliyeipokea akasema, "Nimeridhika." Sudi bin Omari akaondoka mbio kwenda msikitini, na safari hii hakuna aliyemwambia aketi.

Sasa ninyi mliokaa mkanisikiliza, chukueni sinia. Kidawa binti Saleh alizaa, akapanda gari. Riziki binti Saleh alinyonyesha, akampa mtoto kwa wiki mbili. Mwantumu binti Saleh alilea, akaficha vifurushi kumi na viwili. Je, nani alistahili mkaja ule? Na Semeni binti Mhina, je, alistahili kuutoa? Jibuni, wala msikawie, kwani dresa amefika tisini na tano. Na msiniambie aulizwe mama yao. Bi Mwanakombo binti Athumani amefariki, saa tisa kamili.